Staa wetu, acha kuwaambia madogo "soma chochote tu"

Leo hakuna stori ya nani kaachana na nani. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na watu watatu. Majina nayaweka kapuni, maana sina hela ya wakili, na nyie mna akili, mtajaza wenyewe.

Wa kwanza ni msanii. Kila mwaka matokeo ya Form Six yakitoka anajirekodi ndani ya gari, kiyoyozi kinapuliza, miwani usoni, anawaambia madogo kwamba shule haina hela. Ati mwalimu wake aliyekuwa anamchapa hawezi kununua hata tairi moja la lile gari. Watu wanacheka, wanasambaza.

Wa pili ni dada wa mitandaoni. Huyu digrii anayo. Anauza wigi na mafuta ya ngozi. Anasema cheti chake kiko kabatini kinaliwa na mende na hajawahi kukihitaji hata siku moja, kwa hiyo wewe soma kozi yoyote, la msingi ujitambue.

Wa tatu ni mzee wa kuhamasisha, suti ya bluu, kiatu kimechongoka kama mtumbwi. Yeye anaimba wimbo mwingine: digrii ni digrii. Soma chochote, vaa joho, mama alie kwa furaha, ajira atatoa Mungu. Ukitaka kusikia zaidi, lipia kiti kwenye semina yake.

Ukiwasikiliza haraka utadhani wanapingana. Mmoja anasema shule haifai, mwingine anasema shule yoyote inafaa. Ila wote watatu wanakuambia kitu kilekile: usiulize. Usiulize kozi unayoijaza kwenye fomu inakupeleka kwa nani, na huyo mtu ana nafasi ngapi. Hapo ndipo madogo wetu wanapigwa.

Na kabla hamjaanza kunitukana huko chini, mimi digrii sina. Niliishia Form Four, haya mambo ya kublogu nimejifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo sitetei cheti changu. Natetea wadogo zangu ambao mwaka huu wataingia kwenye mfumo wa udahili na kubofya kozi kama mtu anayechagua chipsi mayai au chipsi kavu.

TUANZE NA NAMBA

Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Chukua kikokotoo chako: ni kama watu 85 wanagombea kiti kimoja. Uwanja wetu wa CCM Kirumba unakadiriwa kubeba watu 35,000. Waombaji wa TRA wangeujaza mara tatu na wengine wengi tu wangebaki nje.

Mwaka huohuo ulianza usaili wa walimu. Nafasi zilikuwa 14,648. Walioomba walizidi 200,000. Mwanzoni mwa mwaka walimu waliomaliza vyuo kati ya 2015 na 2023 wakaanzisha umoja wao, NETO, umoja wa walimu wasio na ajira. Hebu fikiria. Mtu amesoma, amefanya mazoezi ya kufundisha, ana cheti, na chama anachojiunga nacho ni cha watu wasio na kazi.

Sasa msanii wetu anazichukua hizo namba anasema, "Si niliwaambia?" Hapana kaka. Hizo namba hazisemi shule haina hela. Zinasema watu wengi sana wamepanga foleni kwenye mlango mmoja.

MLANGO MMOJA NA MILANGO MINGI

Hii ndiyo hoja yangu yote, na ukisahau mengine shika hii. Watu wetu wanabishana sayansi na sanaa kama Simba na Yanga. Sio hapo. Swali ni hili: kozi yako ina milango mingapi?

Kozi ya mlango mmoja ni ile ambayo ukimaliza, mwenye uwezo wa kukuajiri ni mmoja tu, na mara nyingi ni serikali. Serikali ikiajiri, umepona. Isipoajiri miaka mitano, unakaa kitaa miaka mitano. Ualimu wa masomo ya sanaa umekuwa hivyo. Shule binafsi zipo, ndiyo, ila mtangazie mwenye shule kwamba una Historia na Kiswahili, uone atakavyokuambia acha namba. Mwambie una Fizikia na Hesabu, atakuuliza unaanza lini.

Kozi ya milango mingi ni ile ambayo akikataa mmoja unaenda kwa mwingine. Fundi umeme anahitajika kiwandani, hotelini, mgodini, hospitalini, na kwa mama mwenye nyumba Buswelu ambaye taa zake zinawaka zikijisikia. Mhasibu anahitajika kila mahali penye hela na TRA. Fundi wa dawa ana hospitali na ana maduka ya dawa yaliyojaa kila kona kuanzia Igoma mpaka Buhongwa.

Halafu kuna kozi ambazo mlango wake una mlango mwingine ndani, na hakuna anayekuambia. Mfano ni Sheria. Dogo anaona wakili kwenye tamthilia, anajaza Sheria. Anasoma miaka yake, anapata digrii, anadhani ni wakili. Wapi! Bado kuna Shule ya Sheria kule Dar, kisha ndio mambo ya uwakili. Mwaka 2022 yalitoka matokeo yaliyoshtua nchi nzima: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine 342 wakarudi kwenye sapu, 265 wakafeli. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sisemi usisome Sheria. Nasema ungejua hilo kabla, ungejipanga tofauti, kwenye hela na kwenye kitabu.

Uhasibu nao ni hivyohivyo. Digrii peke yake ni nusu safari, kuna mitihani ya NBAA mpaka upate CPA, na tangazo la kazi nzuri linaanza na hizo herufi tatu. Uandishi wa habari je? Jiji hili lina SAUT pale Malimbe, imetoa watangazaji kibao tunaowasikia. Lakini nawajua wana ambao wamekaa redioni mwaka mzima bila mkataba, wanalipwa "utajulikana". Kujulikana hakununui sembe.

Hata udaktari, ule ambao kila mzazi anauota akipita chini ya kile kilima cha Bugando, siku hizi sio tiketi ya moja kwa moja. Wapo madaktari wanaosubiri ajira. Tofauti ni kwamba daktari anayesubiri ana hospitali binafsi za kugonga hodi, za mashirika ya dini, na zahanati. Milango.

USHAURI ULIOISHA MUDA

Mtauliza, sasa kwa nini wazazi wetu wanasisitiza "somea ualimu mwanangu, ajira ipo"? Hawatudanganyi makusudi. Wanakumbuka kitu ambacho kilikuwa kweli.

Miaka ya 2000 serikali ilijenga shule za kata nchi nzima. Shule zikawa nyingi, walimu hawapo. Mwaka 2007 UDOM ikaanzishwa, vyuo vikatanuka, mikopo ikaelekezwa kwa walimu. Ukimaliza ualimu miaka ile ulikuwa unapangiwa kituo, unabeba godoro, unaenda. Shangazi yako alipangiwa, kaka yake jirani alipangiwa. Wazazi wakaona, wakakariri.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 2016 ajira zikasimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa. Zilipofunguliwa, walimu wa sayansi na hesabu ndio wakapewa kipaumbele. Vyuo havikusimamisha kiwanda. Viliendelea kumwaga walimu wa sanaa kila Novemba, na majoho, na picha, na keki.

Kwa hiyo mzazi anakupa ushauri wa mwaka 2010. Ni kama kumpa mtu dawa iliyoisha muda. Aliyekupa anakupenda, dawa ndiyo imekufa.

DENI HALIJUI ULISOMA NINI

Hapa ndipo yule mzee wa suti ya bluu ananitoa jasho. "Digrii ni digrii." Sawa. Basi aende akaiambie Bodi ya Mikopo.

Ukipata ajira, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka deni liishe. Iwe ulisoma kozi inayogombewa na waajiri kumi, iwe ulisoma kozi ambayo mwajiri wake amelala, asilimia ni ileile. Mwaka 2021 walifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni, na tuliwapongeza. Ila deni lenyewe liko palepale linakusubiri.

Ukiwa chuoni hulioni. Unaona bumu, shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, unaona maisha ndio haya, Rock City Mall kila wikiendi. Hakuna anayekukalisha chini akuambie: mdogo wangu, hii unayokula ni hela yako ya mwaka fulani huko mbele, na itatoka kwenye mshahara ambao haujui kama utakuwepo.

Na kwa familia nyingi za huku kwetu hakuna hata huo mkopo wa kutosha. Ni ng'ombe wameuzwa Kwimba. Ni mama wa Mwaloni amepanga dagaa juani miaka mitatu. Ukimwambia mtoto wa mama huyo "soma chochote tu", unacheza na jasho la mtu.

MASTAA WANATUFICHA NINI?

Turudi kwa msanii wetu. Shule haina hela, si ndio? Mkataba wako nani anausoma kabla hujasaini? Mwanasheria. Hesabu zako TRA nani anakupangia? Mhasibu. Muziki wako unachanganywa na nani? Na mtu aliyejifunza sauti mpaka akaelewa. Umezungukwa na watu waliosoma, unakula kwa sababu yao, halafu unawasha kamera unawaambia watoto wa maskini shule ni ujinga. Na mwanao je? Sisemi yuko shule gani. Nasema tu ada yake ya muhula ingelipa watoto wengi sana wa shule ya kata.

Kwa kila msanii mmoja aliyetoka Mwanza akatoboa, kuna mamia waliorekodi wimbo mmoja studio ya Mabatini, leo wanaendesha bodaboda. Hao hawajirekodi ndani ya gari. Hawana gari.

Na dada wa wigi, nakuheshimu, unapiga kazi. Ila umewaambia wafuasi wako mtaji wa kontena la kwanza ulitoka wapi? Siku hiyo ukisema ukweli, nitafuta aya hii.

ZIWA HILI HAPA, HALISOMWI

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tumekaa juu ya hela. Angalia hili jiji. Igogo na pembeni ya ziwa kuna viwanda vya minofu ya sangara. Minofu inapanda ndege. Mabondo yananunuliwa na Wachina kwa bei ambayo nyama ya samaki yenyewe inaona wivu. Sasa, unajua miaka ya mwisho ya 1990, kati ya 1997 na 1999, Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa? Sababu zilikuwa usafi, hofu ya kipindupindu, na watu waliovua kwa sumu. Soko lilirudi baada ya viwanda na serikali kuweka watu wa kukagua ubora, maabara, na mnyororo wa baridi usiokatika. Yaani kilichookoa sangara ni watu waliosomea vitu ambavyo dogo wa Nyegezi hajawahi hata kuvisikia: ukaguzi wa ubora wa samaki, uchakataji, ufundi wa majokofu.

Na chuo kipo! FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ina kampasi hapohapo Nyegezi. Watoto wanapita getini wakielekea kusubiri daladala za kwenda mjini kutafuta kozi za ofisini. Januari 2024 serikali ilikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki hapa Mwanza. Vizimba vinahitaji mtu anayejua chakula cha samaki, magonjwa, hewa ya kwenye maji. Samaki wakifa wote usiku mmoja, utamwita mwenye digrii gani?

Kampasi ya DIT hapa Mwanza inafundisha teknolojia ya ngozi. Kanda hii yote ni ya ng'ombe, na ngozi nyingi zinaozea machinjioni huku sisi tunavaa viatu vya mtumba. VETA iko Nyakato. Geita kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, na mgodi unaajiri mafundi mitambo na mafundi umeme. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Reli ya SGR ya Mwanza–Isaka ni kilomita 341. Ndiyo, mradi ukiisha kibarua kinaisha. Ila fundi wa kuchomelea akimaliza daraja anahamia kwenye meli, akitoka hapo anachomelea mageti Kisesa. Mikono yake ina milango.

Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inatoa mikopo kwa wanafunzi wa diploma pia, kwa fani za kipaumbele kama afya, madini, kilimo, usafirishaji na nishati. Diploma! Ile mnayoicheka kwenye sherehe za familia, "ah, kumbe ni diploma tu." Kuna mtu wa diploma anakulipia bili wewe wa digrii, na anakuheshimu hasemi.

"SIO WOTE TUNAWEZA HESABU"

Najua komenti hii inakuja, naiwahi. Kweli, sio wote. Na nchi isiyo na watu wa lugha, historia na sanaa ni nchi ya marobota. Sijasema HKL ifungwe.

Ninachosema ni hivi: kama unaenda sanaa, nenda ukijua milango iko wapi, kisha ongeza wa pili kabla hujamaliza. Unapenda lugha? Wanunuzi wa mabondo wanaongea Kichina. Wafanyabiashara wa Kongo na Burundi wanaongea Kifaransa. Mtu wa Kiswahili aliyeongeza Kifaransa cha kueleweka sio mwenzako tena kwenye foleni. Unapenda historia na jiografia? Lango la Ndabaka la kuingia Serengeti liko upande wetu huu, ukienda kwa njia ya Musoma. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iko ndani ya jiji, unaiona ukiwa umekaa Capripoint unakula mahindi ya kuchoma. Nani anawasimulia wageni?

Na kama roho yako ni ualimu hasa, nenda, tunawahitaji. Ila nenda kwa sababu ni wito. Usiende kwa sababu shangazi alipangiwa kituo mwaka 2009.

TUNATAKA SAFU MOJA TU

Mwisho, tusiwasukumie lawama zote madogo. Mtoto wa miaka 19 atajuaje? Mwongozo wa udahili wa TCU unamwambia kozi inaitwaje, inachukua miaka mingapi, inataka alama gani, ina nafasi ngapi. Haumwambii waliomaliza kozi hiyo wako wapi.

Mimi nadai safu moja iongezwe. Kozi fulani, chuo fulani: waliomaliza miaka mitatu iliyopita, wangapi wana kazi, wangapi wanafanya kazi ya walichosomea, wanalipwa kuanzia shilingi ngapi. Vyuo huwa vinawafuatilia wahitimu wao. Basi matokeo yatoke kwenye makabati, yawekwe pale dogo anapobofya. Ukinunua simu Makoroboi unauliza ina GB ngapi na chaji inakaa saa ngapi. Kozi ya miaka mitatu na mamilioni ya hela tunainunua kwa jina tu, tena siku hizi majina ya kozi ni marefu kama treni ya mizigo.

Mitaala mipya iliyoanza 2024 imeleta mkondo wa amali sekondari, na tahasusi za Form Six zimeongezwa mpaka 65. Vizuri. Lakini mtoto ambaye hakuwa na taarifa kwenye tahasusi 16, ukimpa 65 bila taarifa umempa nafasi 65 za kupotea.

Sasa kwa kuwa hiyo safu haipo, tuitengeneze wenyewe hapa chini. Andika vitu vinne tu: ulisoma nini, ulimaliza mwaka gani, sasa hivi unafanya nini, na ulikaa miezi mingapi ukitafuta. Jina lako usiweke, chuo usitaje kama unaogopa. Waliotoboa waandike, walio kitaa waandike, wa VETA na diploma msijifiche nyuma.

Na wewe staa, mwenye gari lenye kiyoyozi, najua huwa unapita hapa kimyakimya. Mwaka huu matokeo yakitoka, badala ya kujirekodi, wape madogo linki ya hizi komenti. Nasubiri.